Kimya cha Chumba Namba 23

Saa mbili na robo asubuhi, ndani ya nyumba ya kupanga yenye bati linalolia jua likipanda, mwanamke mfupi aliyevaa hedifoni kubwa ananyanyua mkono wake wa kulia. Watu kumi na wanane wanaganda.

Hawatulii tu, wanaganda. Mwongozaji amesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje ya kizingiti. Mpambaji ana brashi ya poda mbele ya pua ya mwigizaji mkuu, haendi mbele wala harudi nyuma. Mpiga picha alikuwa ameinama kuokota kifuniko cha lenzi na atabaki hivyo hivyo, ameinama. Mwandishi wa makala haya alikuwa anakunywa chai, na funda limebaki mdomoni.

Inapofika sekunde ya ishirini mwanamke anafumbua macho.

"Kuna saa ya mkononi humu," anasema. "Kona ya dirishani."

Kona ya dirishani amesimama mtayarishaji, yaani mwenye fedha, mwenye mikataba na mwenye gari lililoziba njia ya majirani tangu alfajiri. Hapa kila mtu humwita Bosi. Anaivua saa yake. Inaviringishwa kwenye taulo, inapelekwa nje na kuwekwa kwenye kapu la mkeka ambamo simu za watu wote zimelala tangu asubuhi, na kazi inaanza upya. Dakika moja nzima. Mkono unashuka, watu wanapumua, na mwandishi anameza chai iliyokwisha kupoa mdomoni.

"Chumba cha tano kimepita," anasema mwanamke yule, na kuandika kwenye daftari lake.

Ni mrekodi sauti. Ana umri wa miaka 47, na katika miaka kumi na tisa ya kazi hii amerekodi filamu arobaini na moja. Kwenye mabango jina lake halipo. Mwisho wa filamu linapita wakati watu wameshaanza kutafuta funguo zao. Kazini anaitwa Mama Kimya, na mwenyewe akipiga simu hujitambulisha hivyo hivyo.

"Kila chumba kina kimya chake," anaeleza huku akikunja nyaya. "Friji ya jirani, bati, upepo wa chini ya mlango, miili yenu nyinyi mliosimama. Mhariri akikata neno pale kati panabaki shimo, analiziba kwa kimya cha chumba kile kile. Asipoliziba, mtazamaji hajui kilichomshtua, lakini atashtuka."

Ndiyo maana kuna desturi hii ya mkono. Kabla ya kuhama chumba, kila mtu anasimama alipo kwa dakika moja, na hakuna anayetikisika mpaka mkono ushuke. Anayekohoa ameharibu, inaanza upya. Anayecheka, vivyo hivyo. Simu zinakaa kwenye kapu, na ya kwanza kuingia humo kila asubuhi ni ya kwake.

Mwongozaji, kijana mwenye sauti kubwa na kiti chenye jina lake mgongoni, anakiri bila kuzunguka. "Watu wanadhani mimi ndiye nimeshika mpini. Kweli, nasema ekisheni na nasema kata. Lakini nikisema twendeni na yule mama hajashusha mkono, haendi mtu. Hata mimi mwenyewe siendi."

Na Bosi je? Mwongozaji anacheka. "Muulize saa yake iko wapi."

Kwa kawaida hadithi ingeishia hapo: fundi mdogo anayewasimamisha wakubwa kwa dakika moja, tukacheka, tukafunga ukurasa. Ila wiki hii katika nyumba ile hapakuwa na mengi ya kuchekesha. Bosi alikuwa anataka kuendelea kutumia kitu cha Mama Kimya, na Mama Kimya hakutaka kitumike tena. Kitu chenyewe ni dakika moja ya sauti isiyo na neno hata moja. Ni sauti ya marehemu mama yake akipumua.

Mama yake alikuwa fundi cherehani na aliwalea mabinti wawili peke yake, katika nyumba ambamo binti mkubwa anaishi hadi leo.

"Dada alikuwa anamtazama mama usoni ajue kama kakasirika," anasema Mama Kimya. "Mimi nilikuwa nasikiliza mguu. Akiwa na hasira cherehani inakwenda mbio kisha inakatika ghafla. Akiwa na mawazo inakwenda polepole na haisimami. Nikiwa na miaka saba nilijua kodi imekaribia kwa kusikiliza tu."

Alianza kazi kwenye duka la kukodisha spika, akibeba nyaya. Kisha akabeba nyaya za watu wa filamu. Siku alipoambiwa angepewa kazi ya kurekodi kama angekuwa na mashine yake, mama yake aliuza cherehani. Kinasa sauti kilichonunuliwa siku ile ndicho anachoning'iniza begani mpaka leo, kimefungwa mkanda wa kitambaa pale plastiki ilipopasuka.

"Aliniambia, mimi macho yamekwisha, wewe masikio bado unayo. Mwanamke yule hakuwa na maneno mengi."

Masikio nayo yameanza kuondoka. Daktari amemwambia kwamba la kushoto limepoteza karibu nusu ya uwezo wake. Malipo yake ya siku ni theluthi ya malipo ya mpiga picha. Hayo anayataja harakaharaka, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, kisha anarudi kwa mama yake.

Miaka minne iliyopita mama aliugua, na filamu iliyokuwa inapigwa wakati huo ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani. Mama Kimya alikuwa akitoroka wakati wa mapumziko kwenda kumwona, mashine begani kwa sababu haiachi popote.

Jumanne moja, saa tisa alasiri, mama alimtania kutoka kitandani.

"Unazunguka kutwa kurekodi vyumba vya watu usiowajua," alimwambia. "Changu kina ubaya gani?"

"Hakina ubaya, mama."

"Basi kirekodi. Au hakina hadhi?"

Akavaa hedifoni, akanyanyua mkono. Mama akacheka kidogo, kisha akaona binti yake hachezi, akatulia. "Alitii kuliko waigizaji wote niliowahi kufanya nao kazi," anasema. Dakika moja ikapita. Mkono ukashuka. Akaandika kwenye daftari kama anavyoandika siku zote.

Na hapa ndipo kosa lilipoingia. Ndani ya mashine Mama Kimya hazipi rekodi zake majina, anazipa namba tu, na namba zinafuatana. Vyumba vya filamu ile vilikuwa vimefika ishirini na viwili. Chumba cha mama kikawa cha ishirini na tatu. "Sikufikiria chochote. Mkono ulikwenda wenyewe."

Alhamisi ya wiki ile walipiga picha katika chumba cha mwisho cha filamu, ambacho kwenye orodha ya kampuni nacho kilikuwa cha ishirini na tatu. Kazi ilichelewa. Bosi akakataa dakika ya kimya. Akasema kimya ni kimya tu, wachukue hata cha jikoni, watu wafunge vitu.

Mama Kimya hakubishana. Alikwenda kwenye kapu kuchukua simu yake, akakuta dada yake amempigia mara sita.

"Simu yangu ilikuwa kwenye kapu langu mwenyewe," anasema. "Ile sheria niliiweka mimi. Mama alikata pumzi saa tano kasorobo, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nawaambia watu wasikohoe picha ikipigwa."

Siku ya pili ya msiba, mhariri wa filamu alikuja kutoa pole. Kabla ya kuondoka aliuliza kwa aibu kama kimya cha chumba cha ishirini na tatu kipo, maana alikuwa anabanwa na Bosi. Mama Kimya akampa kadi ya mashine. Alikumbuka kwamba namba ile aliiandika kwa mkono wake. Kwamba ni ya chumba gani, hilo kichwa chake hakikuwa na nafasi nalo siku ile.

Filamu ile iliisha na chumba kitupu na mlango ulioachwa wazi kidogo, karibu dakika nzima bila neno. Mhariri alisikia pumzi akadhani ni mwigizaji aliyejificha nyuma ya mlango, akaona inafaa, akaiacha.

Waliokuwa ukumbini wanasema watu waligeuka kumtazama jirani aliyekaa nyuma yao. Wengine walitoka kabla taa hazijawashwa. Kesho yake walirudi na wenzao. Filamu ilikaa kwenye kumbi wiki kumi na moja, na Bosi akaanza kuwaambia watu kwamba siri ni kile kimya.

Mama Kimya alikuwa safu ya saba. "Nilimtambua kabla ya pumzi ya pili. Nilikaa pale pale. Ningekwenda wapi?"

Hakumwambia mtu ila dada yake, ambaye tangu siku ile hajakanyaga ukumbi wa filamu. Alikuwa na aibu ya kosa lake, na alihitaji kazi. Bosi alipotaka kile kimya kwenye filamu iliyofuata alinyamaza, na iliyofuata akanyamaza, na ya nne pia.

"Nilikuwa najidanganya kwamba mama angalau anatembea, anafika mahali ambapo hakuwahi kufika," anasema. "Nilikuwa mjinga."

Aliyemzindua ni mhariri, na mwandishi alimfuata mhariri kazini kwake asikie mwenyewe.

Ni chumba kidogo, madirisha yamezibwa kwa magodoro ya zamani. Kwenye kioo cha kompyuta sauti inaonekana kama mstari, na kila pumzi ni kilima kidogo.

"Hesabu," alisema mhariri.

Mwandishi alihesabu vilima kumi na kimoja. Akaombwa arudie, akarudia, kumi na kimoja. Kisha mhariri akatoa picha ya ukurasa wa daftari la Mama Kimya, wino wa bluu, tarehe ya Jumanne ile: *Ch. 23. Dk 1. Mama. Pumzi 14.*

"Yeye huhesabu pumzi za kila chumba, ni mazoea yake. Nilipoweka kwenye filamu ya kwanza nilihesabu mwenyewe, kumi na nne. Ya pili, kumi na tatu. Nikasema nimekosea. Ya tatu, kumi na mbili. Ya nne ndiyo hii unayoiona. Faili ni lile lile, urefu ni ule ule, sekunde sitini. Hakuna aliyelikata."

Akanyoosha kidole mwisho wa mstari, mahali palipolala tambarare kabisa.

"Kinachopotea siku zote ni cha mwisho. Mimi ni mtu wa mashine, mambo haya siyaamini na sitaki unitie kundi la wanaoyaamini. Lakini meza yangu ilikuwa inatazama ukuta, na sasa inatazama mlango. Sikuweza tena kufanya kazi huku nimeupa mgongo."

Mwandishi naye haamini mambo haya. Alitoka pale akapita ngazi badala ya lifti, na hana maelezo ya kwa nini.

Filamu ya sasa ina vyumba vinane. Bosi alikwisha kuamua kwamba kile kimya kitawekwa katika kila kimoja, mwanzo hadi mwisho.

"Toa nane kwenye kumi na moja," alisema Mama Kimya. "Hesabu ya darasa la pili."

Jumatatu alipiga moyo konde akamweleza Bosi kile kimya ni cha nani. Bosi hakumfukuza wala hakumkaripia. Alimpa pole kwa mikono miwili. Kisha akamkumbusha kwamba kilishatumika kwenye filamu nne, kwamba kopi anayo mhariri, na kwamba mhariri anaajiriwa na kampuni. "Mimi si katili," Bosi alimwambia mwandishi baadaye. "Nina familia arobaini zinazokula kwa kazi hii. Mama yangu mwenyewe angepumua vile, ningemrekodi."

Jumatano, siku ya mwisho, walifika chumba cha nane. Kilikuwa chumba cha kulala chenye kitanda kimoja kilichotandikwa shuka nyeupe na kiti cha mgonjwa pembeni. Saa tisa kasoro dakika chache alasiri mwongozaji alisema kata, na Bosi, aliyesimama miguuni pa kitanda, akapiga makofi.

"Dakika ya leo hatuihitaji. Tunatumia kile. Fungeni vitu."

Watu walianza kukunja nyaya. Mama Kimya alivaa hedifoni na kunyanyua mkono.

Watu waliganda. Miaka ya mazoea ilifanya kazi yake kabla akili haijauliza. Bosi alikuwa amefungua mdomo aendelee, akaufunga.

Dakika moja ikapita na mkono haukushuka. Ya pili, ya tatu. Mwongozaji alimtazama Bosi, Bosi akamtazama mwongozaji, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutikisika. Bati halikulia. Friji ya jirani, iliyokuwa ikinguruma wiki nzima, ilikuwa imezima na hakuna aliyejua saa ngapi. Dakika ya tano mwigizaji mkuu alianza kutokwa na machozi bila kupangusa.

Dakika ya sita, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Mama Kimya alizungumza mkono ukiwa juu.

"Bosi," alinong'ona. "Tupo wangapi humu ndani?"

Bosi alihesabu kwa macho. "Kumi na tisa."

"Pamoja na wewe?"

"Pamoja na mimi."

"Hesabu tena, tafadhali."

Alihesabu tena, polepole, midomo ikicheza. "Kumi na tisa."

Mama Kimya alimsogelea, akavua hedifoni kwa mkono wa kushoto, akamvalisha. Mkono wa kulia haukushuka.

Bosi alisikiliza. Mwanzoni alikuwa na uso wa mtu anayevumilia mzaha. Kisha macho yake yakaanza kuzunguka chumbani, mtu hadi mtu, kifua hadi kifua, mpaka yakafika kitandani. Yakakaa pale. Shuka ilikuwa imenyooka. Sote tuliiona, imenyooka na haina kitu.

Alivua hedifoni kwa mikono miwili na kumrudishia mwenyewe, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake sahani iliyojaa mchuzi.

"Kifutwe," alisema. "Kwa mhariri, kwangu, kila mahali. Kisitumike tena."

"Cha kwangu nabaki nacho."

"Baki nacho. Shusha mkono, mama. Nakuomba."

Aliushusha.

Nje, kando ya gari, Bosi alikuwa anavaa saa yake, akikosa tundu la mkanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwandishi alimuuliza alichosikia.

"Wewe hukusikia?"

"Sikuwa na hedifoni."

"Basi shukuru," alisema Bosi. "Andika tu kwamba tumekubaliana."

Mama Kimya naye hakutaka kuongeza wala kupunguza. Alisema chumba kilikuwa kizuri, kimya safi, mhariri atafurahi. Alikuwa ameshaandika. Mwandishi aliomba kuona ukurasa na akaonyeshwa bila kinyongo: *Ch. 8. Dk 9. Watu 20.*

"Umekosea hapo mwisho," mwandishi alimwambia. "Tulikuwa kumi na tisa."

"Mimi naandika ninachosikia," alijibu, akafunga daftari.

Jioni ile mhariri alifuta faili lake huku Mama Kimya amesimama nyuma ya kiti chake. Sasa imebaki rekodi moja tu, ndani ya mashine iliyonunuliwa kwa cherehani. Mwandishi alimkuta Ijumaa nyumbani kwa dada yake, mwanamke mrefu mwenye macho makavu, ambaye hakuficha neno.

"Mimi ndiye nilimshika mama mkono," alisema dada. "Nilimpigia huyu mara sita. Nilimkasirikia mwaka mzima, na yeye anajua. Kisha hasira zikaisha, nikabaki namwonea huruma tu."

Chumba cha mama hakijapangishwa. Kitanda kipo, na alama nne za miguu ya cherehani zipo sakafuni.

Mpango wa Mama Kimya ni huu. Kuanzia Jumanne ijayo amejipa likizo. Kila siku saa tisa alasiri ataketi ukingoni mwa kitanda kile, dada atakaa upande wake wa kulia, upande wa sikio zima, na Mama Kimya ataicheza ile dakika moja, mara moja kwa siku. Simu yake itakuwa mfukoni, imewashwa. Hajui kama pumzi zitapungua akizicheza yeye, au kama zilikuwa zinapungua kwa sababu zilitumiwa na watu wasiomjua mwenyewe.

"Zisipopungua, nitakuwa na mama siku zote," anasema.

Na zikipungua? Zipo kumi na moja tu.

Dada anainuka, anakwenda kufunga dirisha, ingawa hakuna upepo. Mama Kimya anasubiri mpaka komeo liingie ndipo ajibu.

"Zikipungua, basi ya mwisho nitakuwepo. Safari ile sikuwepo." Anaitazama mashine iliyolala mapajani. "Nitanyanyua mkono tangu mwanzo, kama kazini. Na sitaushusha mpaka mama amalize."